Nafasi kati ya matumbawe kwenye tangi la nyumbani: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Tanga

Malalamiko yanayorudi ni yale yale. Tumbawe lilifika zima, likafunguka vizuri wiki tano au sita, kisha upande mmoja ukaanza kuyeyuka hadi ukabaki mfupa mweupe. Mwenye tangi anapima maji, hayana kosa. Anabadilisha taa, hakuna nafuu. Anamimina dawa, ndiyo kwanza mambo yanaharibika. Mara nyingi kosa halimo kwenye maji: jirani amelichoma usiku, watu wakiwa wamelala.

Tumbawe ni mnyama, na anapigania mahali pa kukaa kama mnyama mwingine yeyote. Lina vipimo vitatu: ukubwa wa leo linapoingia nyumbani, ukubwa wa usiku linaponyoosha minyiri, na ukubwa litakaokuwa nao baada ya miaka miwili. Wengi hupima cha kwanza peke yake. Mwongozo huu unakwenda kwa cha pili na cha tatu. Tangi la mfano ni la lita 300: urefu sm 120, upana sm 50, kimo sm 50.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya fundi cherehani na rula ya plastiki
- Boksi gumu la karatasi, mkasi, na kalamu ya wino usiofutika
- Tochi, na kipande cha nailoni nyekundu cha kufunga mbele yake
- Supaglu ya jeli (ile ya majimaji hutiririka na haishiki kwenye jiwe bichi)
- Epoksi ya kukanda iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki
- Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho
- Mkaa amilifu gramu 150 na mfuko wa wavu
- Pampu mbili za mkondo
- Ndoo mbili za plastiki ambazo hazijawahi kuingia sabuni
- Refraktomita ya kupimia chumvi, kipimajoto, na vipimo vya ualkali, kalsiamu, naitreti na fosfeti
- Pampu ya hewa ya betri

Matumbawe yenyewe yatoke kwa mkuzaji anayeyazalisha kwa vipande na mwenye karatasi za kibali. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na sehemu ya maji ya Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009. Usivunje mwamba, wala usinunue kutoka kwa aliyeuvunja. Mwamba unaovunjwa ndio unaowalisha samaki wanaoshushwa kwenye ngalawa kila asubuhi.

## Kabla ya kupanga chochote

Tangi liwe limekomaa: mwani wa mwanzo umeshapungua na vipimo havirukiruki kwa angalau wiki nne. Nyuzijoto 25 hadi 27, chumvi 35 kwa elfu, ualkali 8 hadi 9 dKH, kalsiamu mg 400 hadi 450 kwa lita, naitreti mg 2 hadi 10, fosfeti mg 0.03 hadi 0.1.

Kwa Tanga kazi kubwa ni kupoza. Kati ya Desemba na Machi chumba kilichofungwa hupasha maji kupita kiasi. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi 2 au 3. Maji yatapungua haraka, pengine lita 3 hadi 5 kwa siku, na yanayopungua ni maji matupu, chumvi inabaki. Jazia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa; usijazie ya bahari.

Anayechota maji baharini asichote wakati wa masika. Mito ya Mkulumuzi na Sigi huleta matope na maji baridi, na chumvi ya ghubani hushuka. Subiri siku kavu, chota maji yakijaa kabisa, mbali na bandari, kisha pima kabla ya kuyatia. Tumbawe lililotikiswa na chumvi hushindwa hata na jirani dhaifu, na hapo utadhani umekosea nafasi.

## Hatua ya 1: Jua silaha ya kila tumbawe

Hapa ndipo palipo na kazi nzito, kwa hiyo usiharakishe. Andika jina la kila tumbawe ulilo nalo au unalotaka, kisha uandike mbele yake silaha yake. Silaha ziko nne, na mengine yana zaidi ya moja.

Minyiri ya kufagia. Ni minyiri mirefu kuliko ya kawaida, iliyojaa seli za kuchomea za aina ile ile anazokuchomea konyeza. Hutoka hasa usiku. Wenye silaha hii ni Euphyllia na ndugu zake, Galaxea, Favites, Platygyra, Echinopora na Catalaphyllia. Jambo la kukumbuka ni kwamba kwa baadhi yao minyiri hii hukuzwa kwa majuma kadhaa baada ya tumbawe kuhisi jirani yupo. Ndiyo maana mwezi wa kwanza huwa shwari na matatizo huanza wa pili.

Galaxea mtazame kwa karibu, maana mchana anadanganya kuliko wote. Jua likiwaka anaonekana kama rundo la vikombe vidogo vya kijani, vyenye ncha nyeupe, vimetulia. Saa mbili baada ya taa kuzimwa, angalia kwa tochi nyekundu: kati ya vikombe kumetoka nyuzi chache zinazoangaza kama uzi wa kuvulia, kila moja na kifundo cheupe mwishoni, zinaelea na mkondo huku na huku. Nyuzi hizo zinaweza kufika sm 30. Kifundo kile kikigusa nyama ya jirani, asubuhi utakuta doa.

Utumbo wa nje. Lobophyllia, Acanthastrea na Micromussa humwaga nyuzi nyeupe za tumbo juu ya jirani na kumsaga akiwa hai. Hazifiki mbali, sm 1 hadi 3, lakini kazi yao ni ya saa chache. Ukiona kitu kama pamba nyeupe kimelala kwenye mpaka wa matumbawe mawili, yatenganishe usiku huo huo.

Sumu ndani ya maji. Matumbawe laini ya ngozi, yaani Sarcophyton, Sinularia na Lobophytum, hayana haja ya kugusa. Yanatoa kemikali kwenye maji zinazodumaza matumbawe magumu, hasa Acropora na Montipora. Nafasi peke yake haitoshi kuyazuia, kwa kuwa maji ya tangi yanazunguka. Dawa yake iko kwenye hatua ya 8.

Kufunika. Zoanthus, Xenia, Briareum na matumbawe ya umbo la uyoga kama Discosoma na Rhodactis hutambaa juu ya jiwe na kummeza mwenzake, au kumzibia mwanga. Montipora ya sahani ni ya kundi hili pia kwa njia yake: haichomi sana, lakini ikikua huwa dari, na wa chini yake hufa gizani.

Kuna na wanaotembea. Fungia hujisukuma mchangani usiku, na anemoni huhama hadi apate mahali apapendapo, akichoma kila anachopitia. Kwa maoni yetu anemoni na tangi lililojaa matumbawe havipatani. Ukimtaka, mpe tangi lake au jiwe lake la pekee, na uzibe midomo ya pampu kwa sifongo.

Tahadhari kwa mwili wako. Palythoa na baadhi ya Zoanthus wana palitoksini, sumu kali kwa binadamu. Vaa glavu na miwani kila unapowashika. Usisugue jiwe lao kwa brashi nje ya maji, usilichemshe, usilimwagie maji ya moto: mvuke wake umeshapeleka watu hospitali. Ukihisi uchungu wa chuma mdomoni, kifua kubana au mwili kulegea baada ya kuwashika, nenda Bombo au hospitali iliyo karibu mara moja na utaje jina la sumu hiyo.

Dalili kwamba hatua imekamilika: unayo karatasi yenye jina la kila tumbawe na silaha yake. Usilolijua jina lihesabu kuwa lina minyiri ya kufagia mpaka ulithibitishe usiku.

## Hatua ya 2: Hesabu umbali

Huu ndio mnyoosho wa kuhesabia, yaani umbali ambao silaha ya tumbawe hufika nje ya mwili wake, na ukubwa wa mwili tunaoutarajia kwenye tangi la mfano baada ya miaka miwili hivi:

- Galaxea: mnyoosho sm 30, mwili sm 15
- Euphyllia na Fimbriaphyllia: mnyoosho sm 15, mwili sm 20
- Goniopora: mnyoosho sm 15, mwili sm 15
- Favites, Platygyra na jamaa zao: mnyoosho sm 10, mwili sm 12
- Lobophyllia na Acanthastrea: mnyoosho sm 5, mwili sm 15
- Sarcophyton: mnyoosho sm 5, mwili sm 25
- Acropora: mnyoosho sm 3, mwili sm 20
- Zoanthus na Discosoma: mnyoosho sm 2, mwili hauna mwisho usipouzuia

Kanuni ni hii: nusu ya mwili wa kwanza, jumlisha nusu ya mwili wa pili, jumlisha mnyoosho mrefu zaidi kati ya yote mawili, jumlisha sm 5 za usalama. Jibu ni umbali kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine.

Chukua Euphyllia na Favites. Nusu ya mwili wa Euphyllia ni sm 10, ya Favites sm 6, mnyoosho mrefu ni sm 15, usalama sm 5. Jumla sm 36. Kwa macho ya siku ya kwanza, kipande cha sm 6 na kipande cha sm 4 vikiachana kwa sm 36 vinaonekana kama vimetupwa jangwani, na hapo ndipo mkono unapowasha kuvisogeza. Usivisogeze.

Huhitaji kujumlisha mnyoosho wa wote wawili. Linalokuhusu ni wa mrefu asifike kwenye nyama ya mwenzake, basi.

Sasa utaona kwa nini tangi la sm 120 si kubwa kama linavyoonekana. Acha sm 8 kila upande kwa ajili ya kusafisha kioo, zinabaki sm 104. Euphyllia mmoja, Favites wawili, wakifuata sm 36 kati ya Euphyllia na kila Favites, wanakula sm 84 za mstari mmoja. Unabaki na sm 20. Mwenye tangi kama hili apange matumbawe 10 hadi 12 ya kukua, si vipande 30.

Wanaoweza kugusana. Vipande viwili vilivyokatwa kwa mama mmoja huungana bila vita. Fimbriaphyllia ancora na Fimbriaphyllia divisa, ambao wauzaji wengi bado wanawaita Euphyllia, kwa kawaida huvumiliana. Zoanthus na Zoanthus hukaa pamoja, ingawa anayekua haraka atamfunika mwenzake. Fungia na Fungia hawadhuriani. Lakini Euphyllia glabrescens, yule wa minyiri mirefu yenye ncha za rangi, awe mbali na ndugu zake hao wawili; huwachoma. Udugu wa jina si udugu wa amani. Acropora wawili wa aina tofauti wakigusana, mmoja atakufa mpakani.

## Hatua ya 3: Panga kwanza nje ya maji

Kata duara za boksi, moja kwa kila tumbawe, kwa ukubwa wa mwili uliokua, si wa leo. Kwa haraka tumia vyombo vya jikoni: kisahani cha chai ni kama sm 15, sahani ya wali ni kama sm 25. Andika jina katikati. Kisha chora duara la pili kulizunguka, kubwa zaidi kwa urefu wa mnyoosho.

Chora chini kwa chaki umbo la tangi, sm 120 kwa 50, na ndani yake mstari wa sm 8 kutoka kila kioo. Weka alama ya pampu na ya mlango wa kutolea maji. Panga duara zako ndani ya mstari huo. Duara la nje la tumbawe moja lisiingie kwenye duara la ndani la jingine, na kati yao zibaki zile sm 5.

Zisipoenea, ondoa tumbawe. Usipunguze duara. Hili ndilo jaribu kubwa la kazi nzima, na anayelishinda hapa sakafuni anaokoa fedha na wanyama.

Kumbuka jiwe lina ghorofa. Duara mbili zinaweza kupishana kwenye ramani ikiwa moja iko juu na nyingine chini, lakini kwa masharti: mwenye minyiri ya kufagia asikae moja kwa moja juu ya mwenzake. Umeme ukikatika mkondo unasimama, minyiri inaning'inia na kulala juu ya wa chini. Pia anayekua kama sahani asiwekwe juu ya anayetaka mwanga.

Piga picha ya ramani yako kabla hujaifuta.

## Hatua ya 4: Soma mkondo

Umbali uliohesabu ni wa maji yaliyotulia. Mkondo unaoelekea upande mmoja muda wote huvuta minyiri upande huo. Kwa hiyo upande mkondo unakoelekea ongeza theluthi moja ya mnyoosho: Euphyllia wa sm 15 mhesabie sm 20 upande huo.

Ni bora zaidi kutokuwa na upande. Weka pampu moja kila mwisho wa tangi, zielekee kioo cha mbele au zielekeane juu kidogo ya mawe, na zipokezane. Kwa lita 300 pampu zote pamoja zisogeze lita 6,000 hadi 9,000 kwa saa kwa matumbawe laini na ya nyama nene. Acropora wanataka lita 12,000 kwenda juu.

Kujua mkondo unavyopita, zima kichujio, tia unga kidogo wa chakula cha matumbawe karibu na pampu na ufuate chembe kwa macho. Pale zinapotuama pana uchafu na si pa kuweka tumbawe. Pale zinapopita kama mshale si pa Euphyllia.

Matumbawe ya ngozi yawe karibu na mlango wa kutolea maji, ili ute na ngozi wanazobanduka zitoke kabla ya kuwafikia wengine.

Dalili ya kufanikiwa: minyiri ya Euphyllia inayumba huku na huku na kupumzika. Ikilala upande mmoja muda wote, au mfupa ukionekana pembeni, mkondo ni mkali.

## Hatua ya 5: Patanisha nafasi na mwanga

Hii ni fupi. Acropora juu, mikromoli 200 hadi 350 za PAR, yaani kipimo cha mwanga unaotumiwa na mimea na matumbawe. Favites, Euphyllia na Goniopora katikati na chini, 80 hadi 150. Discosoma kwenye kivuli, 50 hadi 80. Usiye na kipimo cha PAR, anza taa ikiwa asilimia 50 na uongeze asilimia 5 kila wiki ukiangalia rangi.

Ramani na mwanga vikigongana, fuata mwanga kwanza kwa kumchagulia ghorofa, kisha umbali kwa kumchagulia upande. Tumbawe lenye njaa ya mwanga halijitetei.

## Hatua ya 6: Weka bila gundi siku 14

Ogesha kila kipande kwa dawa ya kuogeshea matumbawe kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, suuza kwenye ndoo ya pili, kisha kisimamishe mahali pake bila gundi. Kama kitako hakikai, chomeka kwenye tundu la jiwe au kiegemeze kwa vijiwe viwili. Viti vya pwani na konokono wakubwa huangusha vipande. Wakati huu wahamishie tangi la chini, lile linalopokea maji ya tangi kubwa ili yachujwe.

Usiku wa 1, wa 3, wa 7 na wa 14, saa mbili baada ya taa kuzimwa, washa tochi yenye nailoni nyekundu. Mwanga mweupe hufanya minyiri irudi ndani kabla hujaiona. Simamisha rula nje ya kioo, usawa wa tumbawe, na upime mnyoosho mrefu zaidi. Andika.

Unachotafuta ni mnyiri ulio ndani ya sm 5 za jirani. Ukiuona, sogeza leo. Ukisema utaona kesho, kesho utaona jeraha.

Kipande kikijifunga siku mbili za kwanza si ajabu, kimechoka na safari. Kikijifunga siku ya tano na hakuna aliye karibu, tazama mkondo na mwanga.

## Hatua ya 7: Gandisha

Zima pampu. Toa kipande, futa kitako kwa karatasi kavu, na ukwangue mwani kwenye sehemu ya jiwe kitakapokaa, maana gundi hushika jiwe, haishiki mwani.

Kipande chepesi: weka jeli ya ukubwa wa punje ya hindi, shusha kwenye maji, kandamiza ukizungusha kidogo ili kuvunja ngozi ya gundi iliyokwisha kuganda, shikilia sekunde 30 hadi 60.

Kipande kizito: kanda epoksi hadi iwe rangi moja, paka jeli upande wa juu na wa chini wa bonge, kisha kandamiza bonge kati ya kitako na jiwe. Epoksi peke yake haishiki vizuri, jeli peke yake haijazi mapengo, pamoja vinashika. Usitumie zaidi ya bonge la ukubwa wa ndimu kwa siku moja. Kichuja povu, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, kitafurika kwa saa kadhaa, kipunguze.

Tumbawe lisikae nje ya maji zaidi ya dakika 5. Na Zoanthus, Xenia na Briareum usiwagandishe kwenye jiwe kubwa hata kidogo. Kila mmoja mpe jiwe lake la ukubwa wa ngumi, likae peke yake mchangani na sm 10 hadi 15 za mchanga mtupu pande zote. Mchanga ndio ukuta wao. Briareum hupanda hata kioo akikifikia. Mkwangue kwa wembe angali kidogo.

## Hatua ya 8: Mkaa amilifu

Ukiwa na hata tumbawe moja la ngozi pamoja na matumbawe magumu, mkaa huu ni lazima. Kiasi ni gramu 50 kwa kila lita 100, kwa hiyo tangi la mfano linataka gramu 150. Usuuze kwa maji yaliyochujwa hadi yatoke meupe, utie kwenye mfuko wa wavu, uuweke tangi la chini mahali maji yanapopita kwa nguvu. Badilisha kila wiki 3 hadi 4. Ukizidi hapo, mkaa umeshashiba.

Mkaa wa jikoni haufai. Una majivu, haukuandaliwa kunyonya kemikali, na utabadilisha maji yako vibaya.

Mkaa mpya huondoa umanjano wa maji na mwanga huongezeka ghafla. Punguza taa asilimia 10 kwa wiki ya kwanza, la sivyo matumbawe ya juu yatapauka na utamlaumu jirani bure.

Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji, yaani lita 30. Sarcophyton akijifunga na kung'aa kama amepakwa nta, anabandua ngozi. Hali hiyo huenda siku kadhaa hadi wiki moja au zaidi. Elekeza mkondo kidogo kwake, usimsugue.

## Hatua ya 9: Kata kabla hayajafika

Kila miezi 3 toa ile picha ya ramani na upime upya. Tumbawe likibakiza sm 3 kufika ukingo wa duara lake la ndani, litakatwa mwezi huo.

Acropora na Montipora: koleo kali, kata tawi zima, usikwaruze. Euphyllia wa matawi: kata mfupa sm 3 au 4 chini ya nyama, ukikata karibu zaidi unapasua mnyama. Fimbriaphyllia wa ukuta, asiye na matawi, usimkate kabisa, mpe nafasi tangu mwanzo. Sarcophyton: mkate ndani ya ndoo, si ndani ya tangi, kwa sababu akijeruhiwa humwaga ute na sumu kwa wingi. Acha ute uishe kwenye ndoo kwa dakika 15, kisha mrudishe na uweke mkaa mpya siku hiyo hiyo.

## Jeraha limetokea: lisome kabla ya kuligusa

Mahali jeraha lilipoanzia hutaja chanzo.

Nyama imetoka upande mmoja tu unaomtazama jirani, mpaka wa mfupa mweupe ukiwa mkali kama uliokatwa: umechomwa. Sogeza dhaifu, si mkali, maana mkali akihamishwa hupeleka silaha zake mahali pengine. Likiwa limegandishwa, weka kioo au kipande cha plastiki wima kati yao mpaka uweze kulitenga.

Nyama imeanza kutoka chini, kwenye shina: tazama ualkali uliorukaruka, au mkondo usiofika chini.

Ncha za Acropora zimeungua: ualkali umepanda kwenye maji yenye chakula kidogo, au taa imeongezwa haraka.

Matumbawe magumu yote yamejifunga kwa pamoja na ya ngozi yamestawi: sumu ya maji. Badilisha asilimia 20 ya maji na mkaa wote leo.

Ute wa kahawia unaoteleza na kunuka, ukila nyama saa kwa saa, usiusubiri. Toa tumbawe, upeperushe ute kwenye ndoo ya maji ya bahari, kata sm 1 ndani ya nyama nzima, na utupe iliyooza. Ndoo hiyo isirudishwe kwenye tangi.

Jeraha la kuchomwa likiwa dogo na adui ameondolewa, ukingo wa nyama huvimba kidogo na kurudisha rangi ndani ya siku 10 hadi 14, kisha huanza kutambaa tena juu ya mfupa. Mwani ukiuwahi mfupa huo, nyama husimama. Kwa hiyo uufute kwa mswaki laini kila siku ya tatu mpaka mpaka uanze kusogea.